Kuzunguka miji ya Ulaya kwa treni kwa mfuko wa mwanafunzi

Kila likizo ikikaribia, maswali hurudi yaleyale. Ninunue pasi ya treni (tiketi moja ya siku kadhaa kwa nchi nyingi) au tiketi moja moja? Kibali changu cha Ujerumani kinanivusha mpaka? Mbona mwenzangu kalipa yuro 25 na mimi naoneshwa 150 kwa treni hiyohiyo? Tutayajibu kwa kufuata mzunguko mmoja wa siku 10: Berlin, Praha, Budapest, Wien, Salzburg, München, kisha Berlin tena. Kama unasoma Leiden, Warszawa au Bologna, badili majina ya miji tu. Kazi ni ileile.

Majina tumeyaacha kama yanavyoandikwa stesheni. Praha ndiyo Prague, Wien ndiyo Vienna, München ndiyo Munich. Na usishangae ukikuta Wahungaria wanaiita Wien "Bécs", nao Wacheki "Vídeň". Yote ni mji mmoja.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenyewe na kadi ya kibali cha ukaazi. Picha iliyomo kwenye simu haimtoshi askari wa mpakani.
- Kadi ya mwanafunzi. Ile ya chuo mara nyingi inatosha makumbusho. ISIC, kadi ya kimataifa ya mwanafunzi, husaidia mahali ambapo mlinzi wa mlango hasomi lugha ya chuo chako.
- Kadi ya benki inayolipa mtandaoni, na ya pili ya akiba iliyowekwa mahali tofauti na ya kwanza.
- Simu, pawabenki, na laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya. Vifurushi hivyo hufanya kazi nchi zote za Umoja bila nyongeza kwa matumizi ya kawaida, ila Uswisi haimo. Ukipita huko, zima data kwanza, kisha soma masharti ya mtandao wako.
- Begi moja unaloweza kulipandisha ngazi mwenyewe. Lifti za stesheni huharibika, na dakika 7 za kubadili treni hazimsubiri mwenye masanduku mawili.
- Karatasi na kalamu, au jedwali kwenye kompyuta. Utahitaji safu nne: tarehe, treni, bei, kitanda.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Kibali cha ukaazi au viza ya muda mrefu ya nchi moja ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotambuliana viza na vibali) hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila viza nyingine. Mzunguko wetu wote, yaani Ujerumani, Ucheki, Hungaria na Austria, umo ndani ya Schengen. Uswisi pia imo, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Kroatia iliingia Januari 2023. Rumania na Bulgaria zilifunguliwa mipaka ya nchi kavu Januari 2025.

Uingereza na Ireland hazimo. Serbia, ambayo kwenye ramani inaonekana iko hatua mbili tu kutoka Budapest, haimo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda Beograd, viza yake imekwisha. Hataweza kurudi Hungaria. Na kama unasoma Uingereza, kibali cha Uingereza hakikupi Schengen. Unaomba viza kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na tiketi zisizorudishwa unazinunua viza ikiwa mkononi.

Kibali kikikaribia kuisha na umepewa karatasi ya muda tu, ulize ofisi ya wageni kwa maandishi kama karatasi hiyo inaruhusu kutoka na kurudi. Si kila karatasi ya muda inaruhusu.

Hatua ya 2: Chora mzunguko, usichore nyota

Weka miji kwenye ramani na uiunganishe kwa mstari usiojikata. Anayetoka Berlin kwenda Wien, akarudi Praha, kisha akashuka Budapest, amelipa reli moja mara mbili. Hizi ndizo saa za njiani za mzunguko wetu, kwa treni za moja kwa moja, kwa makadirio:

- Berlin–Praha: saa 4 na kitu
- Praha–Budapest: karibu saa 7
- Budapest–Wien: saa 2 na dakika 40
- Wien–Salzburg: saa 2 na nusu
- Salzburg–München: chini ya saa 2
- München–Berlin: saa 4 hadi 4 na nusu

Kisha gawa usiku, usigawe siku: Praha 2, Budapest 3, Wien 2, Salzburg 1, München 1. Jumla usiku 9. Budapest imepewa tatu kwa sababu ndiko unakofika umechoka na saa 7 za njiani, na pia kwa kuwa mara nyingi chakula na kitanda huko ni nafuu kuliko Wien na München. Hiyo ndiyo kanuni ya bajeti: kaa sana penye unafuu, pita haraka penye ughali.

Kosa la wengi hapa ni kujaza miji minane ndani ya siku 10. Kila uhamisho hula nusu siku hata kama treni ni ya saa mbili: kufunga begi, kutoka hosteli, kusubiri, kufika, kutafuta hosteli nyingine ambayo haipokei wageni kabla ya alasiri. Miji mitano ni mingi tayari.

Hatua ya 3: Pasi au tiketi moja moja?

Kuna pasi mbili zinazofanana. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, Eurail ni ya wanaotoka nje. Kinachoangaliwa ni ukaazi wako. Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha ukaazi Ujerumani ananunua Interrail. Ndugu yake aliyekuja kutembea na viza ya siku 30 ananunua Eurail. Ukinunua isiyo yako, mkaguzi ana haki ya kuikataa. Bei ya vijana ni kwa wenye miaka 12 hadi 27.

Sasa hesabu. Mzunguko wetu una siku sita za kupanda treni, kwa hiyo pasi inayofaa ni ya siku 7 ndani ya mwezi mmoja. Kwa kijana, daraja la pili, imekuwa ikiuzwa karibu yuro 286 nje ya misimu ya punguzo. Tiketi moja moja, zikikatwa wiki 6 hadi 8 kabla, panga hivi:

- Berlin–Praha: yuro 20–30
- Praha–Budapest: 25–35
- Budapest–Wien: 12–20
- Wien–Salzburg: 15–20
- Salzburg–München: 15–20
- München–Berlin: 25–40

Jumla ni yuro 112 hadi 165. Kwa mzunguko huu, pasi imeshindwa mbali.

Halafu kuna mtego ambao wengi huugundua wakiwa tayari wamepanda. Interrail hukuruhusu kusafiri ndani ya nchi unayoishi mara mbili tu: siku moja ya kutoka na siku moja ya kurudi. Anayeishi Berlin akitumia siku ya kurudi kutoka Salzburg hadi München, akalala hapo, kesho yake safari ya München–Berlin haimo kwenye pasi. Atakata tiketi nyingine.

Pasi hushinda lini? Unapoamua safari wiki moja kabla, tiketi za bei rahisi zikiwa zimekwisha. Unapokwenda mbali sana, au Uswisi na Skandinavia ambako nauli za kawaida zinauma. Au unapotaka kuamka na kuamua. Lakini hata hapo, ongeza ada ya kiti. Ujerumani, Austria, Ucheki, Ubelgiji na Uholanzi treni nyingi hazilazimishi kiti. Ufaransa, Italia na Hispania treni za kasi hulazimisha: Frecciarossa ya Italia imekuwa yuro 13 hivi, TGV za ndani ya Ufaransa 10 hadi 20, Eurostar hufika 30 na zaidi. Viti vya wenye pasi kwenye TGV na Eurostar huwekewa idadi, vikiisha vimeisha ingawa treni ina nafasi kwa anayelipa nauli kamili. Ukiwa na pasi na hutaki ada hizo, panda treni za mikoa.

Hatua ya 4: Kata tiketi, kuanzia ile inayopanda bei haraka

1. Andika tarehe za safari zote sita kabla hujanunua hata moja.
2. Anza na safari ndefu za treni za kasi. Hapa ni München–Berlin. Nauli ya chini ya Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, huitwa Super Sparpreis na huuzwa kwa mafungu. Fungu la kwanza likiisha unapelekwa la pili, la tatu. Nauli isiyofungwa kwa treni moja huvuka yuro 150 kwa njia hiyohiyo. Ndilo jibu la yule mwenzako wa yuro 25.
3. Kwa safari ya kuvuka mpaka, linganisha tovuti za mashirika ya pande zote mbili. Berlin–Praha ipo kwa Deutsche Bahn na pia kwa ČD ya Ucheki. Treni ni moja, bei mara nyingi ni mbili. Kati ya Praha na Wien angalia pia RegioJet, kampuni binafsi ya treni. Kati ya Wien na Salzburg linganisha ÖBB, shirika la reli la Austria, na kampuni ya Westbahn.
4. Nunua kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Mawakala huongeza ada, na treni ikifutwa shirika litakurudisha kwa wakala, naye atakupigisha danadana.
5. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Wenye majina matatu, chagueni yale yaliyo kwenye sehemu za jina la kwanza na la ukoo za pasipoti. Lile la utani la Facebook liacheni huko.
6. Shusha PDF kwenye simu, kisha jitumie kwa barua pepe. Intaneti hukatika mahandakini, na ndiko mkaguzi hupenda kupita.

Kama chuo chako kimekupa Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya usafiri wa mijini na mikoani Ujerumani nzima), au unailipia mwenyewe (ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikawa 63), inakufikisha hadi stesheni kuu ya Salzburg kwa treni za mikoa. Kwa hiyo kipande cha Salzburg–München hulipi. Ila haipandi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC. Mwenye tiketi hiyo akikutwa ndani ya ICE ni msafiri asiye na tiketi, na visingizio vya ugeni havisikilizwi. Anayeilipia mwezi mmoja tu aikatishe kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, la sivyo inajirudia.

Ratiba mpya za Ulaya huanza Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Desemba kila mwaka. Ukitafuta tiketi ya Krismasi mwezi Agosti usione kitu, treni haijafutwa. Ratiba yake haijafunguliwa.

Hatua ya 5: Vitanda

Tafuta kitanda cha bweni kilichopo dakika 20 kwa miguu kutoka stesheni, au kwenye njia ya moja kwa moja ya tramu. Hosteli ya mbali yenye bei pungufu kwa yuro 4 itakula hizo nne kwa nauli. Chagua inayokubali kufuta bila gharama mpaka siku moja au mbili kabla, na yenye jiko. Jiko huokoa pesa kuliko punguzo lolote. Soma pia kama kodi ya mji imejumlishwa kwenye bei au utaidaiwa mlangoni.

München iepuke kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Ni wakati wa Oktoberfest, na bei za vitanda hupaa. Wakati huo unganisha Salzburg–Berlin siku moja.

Treni za usiku zinasifiwa kuwa zinaokoa hoteli. Kiti cha kukaa kinaokoa pesa lakini kesho yake utalala kwenye benchi la makumbusho. Kitanda chake mara nyingi kinalingana na bweni pamoja na nauli ya mchana. Itumie pale tu inapokuokolea siku nzima. Na hakikisha umepanda behewa lako hasa: treni za usiku hukatwa katikati ya njia, nusu ikaenda mji huu na nusu mji ule.

Hatua ya 6: Bajeti kwenye karatasi

Kwa mtu mmoja, siku 10:

- Treni: yuro 140
- Vitanda, usiku 9 kwa wastani wa 28: yuro 252
- Chakula, 15 kwa siku: yuro 150
- Tramu na metro: yuro 50
- Viingilio: yuro 50
- Akiba: yuro 60

Jumla yuro 702. Yuro 15 za chakula zinatosha ukinunua dukani na kupika jioni. Hazitoshi ukila mgahawani hata mara moja kwa siku mjini Wien. Ujerumani na Austria maduka ya vyakula hufungwa Jumapili na sikukuu, isipokuwa yale ya ndani ya stesheni kubwa. Nunua Jumamosi.

Ucheki inatumia koruna, Hungaria forinti. Ukilipa kwa yuro dukani unabadilishiwa kwa kiwango anachopenda muuzaji. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa yuro au kwa fedha ya hapo, chagua fedha ya hapo kila mara. Benki yako itabadili kwa kiwango bora.

Hatua ya 7: Siku ya kusafiri

1. Soma saa kwa mtindo wa saa 24. 13:28 ni saa saba na dakika 28 mchana, si vinginevyo. Sisi tuliozoea kuanza kuhesabu jua likichomoza hupotea hapa, hasa usiku. Treni ya 00:35 ya usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili huandikwa Jumapili kwenye tiketi. Ukikata ya Jumamosi, imeshaondoka jana yake.
2. Fika dakika 20 kabla. Hakuna ukaguzi wa mizigo kama wa SGR katika njia hizi, lakini jukwaa hubadilishwa dakika za mwisho. Eurostar ya kwenda au kutoka London ni tofauti: ina ukaguzi kama wa ndege.
3. Hakiki jina la stesheni. Budapest ina tatu kubwa, Keleti, Nyugati na Déli, na hazipo jirani. Wien ina Hauptbahnhof na Westbahnhof. Praha ina hlavní nádraží na Holešovice.
4. Jifunze maneno ya ubaoni. Kuondoka ni Abfahrt kwa Kijerumani, odjezd kwa Kicheki, indul kwa Kihungaria. Reli yako ni Gleis, kolej, vágány. Ukiona "fällt aus", treni imefutwa.
5. Soma kibandiko cha mwisho wa safari pembeni mwa mlango wa behewa, kisha ndipo upande.
6. Pasipoti na kibali viwe mwilini. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na kati ya Salzburg na München polisi hupanda treni.
7. Tiketi ya karatasi ya metro au tramu igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kuanza safari, Praha na Budapest hasa. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo.

Mambo yakiharibika

*Treni ya kwanza imechelewa, ya pili imeondoka.* Kama zote mbili zimo kwenye tiketi moja, una haki ya kuendelea na treni inayofuata bila kulipa. Mwombe kondakta au dirisha la huduma akuthibitishie kwa maandishi. Kama ulikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa yuro 5, usitegemee shirika la pili likusaidie. Kwa hiyo tiketi tofauti ziache nafasi ya angalau saa moja na nusu, na treni ya mwisho ya siku usiifanye ya kuunganisha.

*Tiketi yangu imefungwa kwa treni moja na treni hiyo inachelewa.* Kwa Deutsche Bahn, kuchelewa kufika kukitarajiwa kuwa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho huondoka na unaweza kupanda nyingine. Piga picha ya skrini inayoonesha ucheleweshaji, kabla haijasafishwa.

*Simu imezima na mkaguzi amefika.* Toa pasipoti na umweleze. Akikuandikia notisi, uliza kama unaweza kuonesha tiketi baadaye kwa ada ndogo. Hilo huwezekana kwa tiketi yenye jina lako. Kopi moja ya karatasi ndani ya pasipoti huzuia yote haya.

*Nauli rahisi zimekwisha.* Sogeza safari iwe Jumanne au Jumatano, au alfajiri. Ijumaa alasiri na Jumapili jioni ndizo ghali. Ikishindikana, kata njia vipande: treni ya kasi sehemu moja, ya mikoa sehemu nyingine. Basi nalo si aibu kwa kipande kimoja.

*Polisi wamenishusha kwa ukaguzi.* Ukiwa na pasipoti na kibali halali, huwa ni suala la kusubiri. Andika namba ya treni na saa, kisha nenda dirisha la huduma la stesheni hiyo uulize treni ifuatayo kabla hujanunua tiketi nyingine.

*Nimefika nimechelewa kupita kiasi.* Sheria za Umoja wa Ulaya hutoa fidia ya asilimia 25 ya nauli kwa kuchelewa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, isipokuwa chanzo ni kitu kilicho nje ya uwezo wa shirika, kama hali ya hewa iliyopindukia. Fidia isiyofika yuro 4 shirika linaweza kukataa kuilipa. Jaza fomu mtandaoni ndani ya miezi mitatu, ukiambatanisha tiketi na namba ya treni uliyopanda kweli, na uandike namba ya akaunti kwa uangalifu: ombi linaweza kurudi kwa tarakimu moja iliyokosewa.